Mashine Isiyoomba Ruhusa

Muhula uliopita mwenzangu mmoja wa darasani alinikuta nimepiga magoti nyuma ya televisheni ya chogo, nikichomeka nyaya za PlayStation 2, za njano, nyeupe na nyekundu. Alisimama mlangoni akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu, bado uko huko? Hizo si gemu za marehemu?" Kisha akaanza kunihesabia sifa za mashine mpya aliyoichezea kwa shemeji yake: nyasi za uwanja zinapepea, wachezaji wanatoka jasho, kila shabiki jukwaani ana sura yake. Sikumjibu siku ile. Umeme ulikuwa umerudi baada ya siku mbili na sikuwa tayari kuumalizia kwenye mabishano. Leo umekatika tena, kwa hiyo nafasi ya kumjibu ninayo.

Nianze kwa kumkubalia anachostahili kukubaliwa. Picha za mashine mpya ni nzuri, na asemaye hazimtii wivu anadanganya. Gemu za zamani nazo zina mambo ya ovyo ambayo kaka zetu wanayasahau wakianza kuzisifu. San Andreas ya mwaka 2004, wanayoizungumzia kana kwamba waliwahi kuishi humo, ina misheni ya kindege cha Zero iliyowafanya watu wazima watupe maneti ukutani. (Maneti ni neno letu la Bujumbura, tulilitoa kwenye Kifaransa. Kigoma wanasema pedi, na mara ya kwanza niliposema maneti mbele ya binamu zangu wa huko walinicheka wiki nzima.) Memori kadi ilikuwa na megabaiti 8 tu, ukiisahau nyumbani, siku yako imekwenda bure. Katika PES 6 Chelsea iliitwa London FC na Liverpool iliitwa Merseyside Red, kwa kuwa waliotengeneza gemu hawakuwa na haki ya kutumia majina yale. Diski ikikwaruzika tuliipaka dawa ya meno, tukaipangusa kwa fulana, tukamwomba Mungu.

Kwa hiyo sisemi kwamba gemu za zamani zilikuwa bora. Mtu anayesema hivyo mara nyingi anausifia utoto wake mwenyewe. Ugomvi wangu ni juu ya ufunguo: ukishanunua gemu, nani anabaki na ufunguo wa mlango wake, wewe au aliyekuuzia? Kwa swali hilo, jasho la wachezaji halinisaidii kitu.

Nimekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, ambako barabara zina namba badala ya majina na hakuna kitu kinachotupwa kabla fundi hajakifungua. Karibu na kwetu palikuwa na banda la gemu: televisheni tatu, mashine tatu, mabenchi matatu, na pazia mlangoni ili jua lisipige kwenye kioo. Mechi moja faranga 100. Anayefungwa anapisha. Mimi niliingia pale na beseni la vitumbua vya mama, na kwa mwaka mzima wa kwanza kazi yangu ilikuwa kuuza na kutazama, maana benchi lilikuwa la wavulana. Siku moja kijana mmoja hakuwa na pesa ya vitumbua viwili alivyokwisha kula. Nikamwambia anilipe kwa mechi. Nilifungwa saba bila. Kesho yake nikarudi na vitumbua vingine.

Diski iliyopendwa pale ilikuwa Winning Eleven, ambayo ndiyo PES yenyewe kwa jina lake la Japani. Hakuna mmoja wetu aliyejua hata herufi moja ya Kijapani. Menyu tuliisoma kwa mahali pake: chini mara mbili, duara, kulia, duara tena, timu inatokea. Mtangazaji wa Kijapani alipayuka kwa lugha yake, na juu ya sauti yake fundi mmoja wa gereji ya jirani alitangaza kwa Kiswahili, bila kuombwa wala kulipwa, mikono imejaa grisi, akimwita kila mchezaji kwa jina la mtu wa mtaani. Adriano, ambaye shuti lake la mguu wa kushoto halikuwa na dawa, aliitwa kwa jina la muuza mkaa wetu, kwa sababu ya mapaja. Leo nasoma Kiswahili chuoni na walimu wananifundisha takriri na tanakali za sauti. Nilizisikia kwanza pale, zikipigiwa kelele mtu akikosa penalti.

Nasimulia haya ili mjue mashine ile ilitaka nini kwetu. Ilitaka umeme, na mtu wa kukaa upande wa pili wa benchi. Haikuuliza jina la mtu, wala barua pepe yake, wala nchi anakotoka.

Najua mwenzangu ataniinulia kidole hapa. Diski za banda lile zilikuwa za kunakili karibu zote, na mashine zenyewe zilikwisha funguliwa na kuunganishiwa chipu ili zikubali kusoma diski za namna hiyo. Mwizi anazungumzia haki ya mali! Hoja hii ni nzito na sitaikwepa. Watu walikesha kutengeneza gemu zile na sisi hatukuwalipa. Lakini nami niulize: tungewalipia wapi? Duka la diski halisi sikuliona Buyenzi, sikuliona Bwiza, sikuliona mjini. PlayStation 2 iliuzwa duniani zaidi ya milioni 150, tangu mwaka 2000 hadi utengenezaji wake uliposimamishwa 2013, na zile nilizoziona mimi zilitufikia zikiwa zimetumika, mtu wa Ulaya au wa Ghuba amekwisha kuzilipia na kuzichoka. Kaka yangu alikuwa na diski moja halisi ya PES 6, yenye kasha na kijitabu chake, iliyotoka Ubelgiji ndani ya robota la mitumba, zile nguo tunazoziita chaguwa. Mtu fulani aliinunua, akaicheza, akaitoa, ikatufikia sisi bila mtu kumdhulumu mtu. Njia hiyo, ya kitu halali kupita mkono hadi mkono mpaka kimfikie asiyeweza kununua kipya, ndiyo inayozibwa sasa. Na wanaoiziba hawajatufungulia duka badala yake.

Miaka miwili iliyopita mjomba wangu anayeishi Ulaya alimletea binamu yangu mashine mpya. Jina la kampuni sitalitaja. Ilikuwa ya ile aina isiyo na mahali pa kutia diski. Kila gemu inashushwa kutoka mtandaoni. Tulikusanyika sebuleni kama watu wa arusi. Mashine ikawaka, ikaomba intaneti. Tukaipa ya simu. Ikataka kujisahihisha kwanza, ikala bando la wiki nzima huku tukitazama mstari wa buluu ukijaa. Kisha ikauliza: unaishi nchi gani? Binamu akateremka kwenye orodha. Bulgaria, Kanada. Akapanda tena polepole, akidhani amepitiliza. Bulgaria, Kanada. Shangazi aliyekuwa anamenya viazi mlangoni akauliza, "Kwani sisi hawatujui?"

Binamu akaandika kwamba anaishi Ubelgiji. Uongo huo ulimfaa miezi saba. Mjomba alimnunulia gemu tatu kwa kadi yake ya huko, na moja ilikuwa na gigabaiti zaidi ya 90; tuliishusha usiku usiku, siku tisa, kwenye ofisi ya rafiki yake. (Super Mario Bros. ya mwaka 1985, nzima nzima, ina kilobaiti 40. Sisemi kitu, nataja tu.) Mwezi wa nane akaunti ikafungwa. Ujumbe ulisema masharti yamekiukwa, haukusema yapi. Akaandika kuomba msaada, akajibiwa na roboti iliyomshukuru kwa uvumilivu wake. Mashine ipo hadi leo mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya babu. Haina ubovu wowote.

Mtu asidhani haya ni matatizo ya nchi ndogo peke yake. Mwaka 2014 Ubisoft ilitoa gemu ya magari, The Crew. Mtu aliweza kuicheza peke yake, akizunguka Marekani nzima kwa gari, lakini hata akiwa peke yake gemu ilitaka kuzungumza na seva ya kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 seva ikazimwa. Waliolipa, wakiwemo wenye diski mkononi, wakabaki na plastiki. Hapo ndipo Ross Scott, mtu wa kutengeneza video za gemu, alipoanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya likapita saini milioni moja mwezi Julai 2025. Concord ya Sony ilidumu wiki mbili tu: ilitoka Agosti 2024, ikaondolewa Septemba. Wanunuzi walirudishiwa pesa, tuwe wakweli, lakini kazi ya miaka ya watu waliochora na kuandika gemu ile imezimwa pamoja na seva. Na jimbo la California sasa lina sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayowataka wauzaji wa mtandaoni wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anachopewa ni leseni. Fikiria, imebidi itungwe sheria ili neno "nunua" lisidanganye watu.

Kisa cha Helldivers 2 kinanigusa zaidi. (Hiki ni kisa kingine kabisa, si cha binamu yangu.) Gemu ilitoka Februari 2024 na watu wakainunua kuchezea kwenye kompyuta. Mwezi Mei Sony ikatangaza kwamba kila anayeichezea kwenye kompyuta ni lazima aiunganishe na akaunti ya PlayStation. Ziko nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hiyo haifunguliwi rasmi. Huko gemu ikaondolewa sokoni. Ukiondoa Afrika Kusini, bara letu zima lilikuwa nje. Wachezaji wakapiga kelele, wengi wao wa nchi zilizomo kwenye orodha, wakaijaza gemu lawama mpaka Sony ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Nawashukuru, kwa moyo kabisa. Lakini ona jinsi mambo yalivyo: haki yetu ya kucheza kitu tulichokilipia ilitetewa na majirani wa mbali kwa sababu sisi wenyewe tusingesikika. Nani atapiga kelele siku ile kampuni itakapozima gemu inayopendwa Bujumbura, Bukavu na Kigoma tu?

Mwenzangu, nakusikia. Utasema seva zina gharama na kampuni haifanyi sadaka. Ni kweli. Sitaki mtu aendeshe seva milele kwa ajili yangu. Nataka siku anapohama auache ufunguo kwa jirani: atoe toleo la mwisho linaloweza kuwaka bila yeye. Na gemu ninayoicheza peke yangu chumbani isidai mtandao tangu mwanzo. Wanaoweza kufanya hivyo wapo. Stardew Valley ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016. Unainunua mara moja, inawaka kwenye kompyuta dhaifu kama hii ninayoandikia, na intaneti ikikatika haina habari. Ndiyo maana nasema umri si hoja. Zipo gemu mpya zenye adabu, na ziko za zamani nisizotaka kuziona tena.

Utasema pia kwamba siku hizi gemu ni za bure, ziko kwenye simu, na kila mtoto wa Buyenzi anacheza bila kusubiri zamu. Hili la bure ndilo linalonikera kuliko yote. Mdogo wangu ana miaka 13. Gemu yake ya mpira ya simu, nayo sitaitaja, inampa zawadi kila siku ili arudi kesho, halafu inamuuzia visanduku: unalipa, unafungua, ndipo unajua ni mchezaji gani aliyekuwemo ndani. Bibi yetu angeiita kamari, na bibi hakuwa mtu wa kukosea majina. Mwezi Machi zilipotea pesa za mkaa kwenye simu ya mama. Tuliuliza nyumba nzima mpaka tukamwona yeye anatazama miguu yake. Alikuwa amenunua visanduku kumi na kimoja akimtafuta beki mmoja, na beki hakumpata. Mzee wa banda letu hakuwa malaika, lakini ukimpa faranga 100 ulijua umenunua mechi moja, na ukifungwa ulijua umefungwa na nani.

Sasa nifike nilipokuwa naogopa kufika.

Mwishoni mwa Aprili 2015, maandamano yalipoanza Bujumbura, mitandao ya kijamii ilizimwa kwenye simu. Banda likafungwa. Mama akatukataza kutoka. Kaka yangu, aliyekuwa na miaka 19, akaitoa PlayStation 2 yake uvunguni, akaiunganisha, sauti tukaipunguza mpaka mwisho ili tusikie ya nje. Siku umeme ulipokuwepo tulicheza. Hapakuwa na mtu wa kuombwa. Wiki zile ndizo alizoanza Master League ya PES 6, ile unayoanza na wachezaji wasiokuwepo duniani ambao kila aliyeicheza anawajua kuliko ndugu zake: Castolo, Minanda, Ximelez, na kipa Ivarov. Mimi nilikuwa kocha msaidizi, yaani niliruhusiwa kutoa maoni na yeye aliruhusiwa kuyakataa. Nilitaka Castolo auzwe. Alikuwa mzito, anakosa mabao ya wazi. Kaka alisema mtu humuuzi kwa sababu ya wiki moja mbaya.

Mwezi wa saba kaka akaondoka, Kigoma kwanza, halafu kambini, na baada ya miaka mbali zaidi, kwenye baridi. Aliacha mashine, diski ile ya Ubelgiji, na memori kadi.

Kadi hiyo ndiyo niliyokuwa nikiichomeka siku mwenzangu aliponicheka. (Sijasema bado kwamba alikaa mpaka saa tano ya usiku, wala kwamba alifungwa. Alikaa na alifungwa.) Ukiitia inajivuta kidogo, halafu inatokea: jina la kaka, timu yake, msimu wa pili, nafasi ya nne, mechi sita zimebaki. Miaka kumi. Akaunti ya binamu yangu haikufika mwaka. Najua kadi nayo itakufa siku moja, ni kipande cha plastiki kilichokwisha kula vumbi la kutosha, na nimeshakubaliana na fundi mmoja wa mtaani kwetu anitolee nakala. Alitaja bei, nikapinga, akapunguza. Tulimalizana palepale dukani kwake, uso kwa uso, na hakuniuliza naishi nchi gani.

Wiki iliyopita nilimpigia kaka simu ya video nikaielekeza kwenye televisheni. Kwanza hakuelewa anachoonyeshwa. Kisha akasogeza uso kwenye kioo cha simu yake mpaka nikaona pua tu.

"Bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Nikamwomba nimalizie zile mechi sita. Akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotazamia, nikadhani mtandao umekatika.

"Maliza, mdogo wangu," akasema. "Ila Castolo usimuuze."